Fundi Aliyeokoka na Ujuzi Uliofichwa

Jumapili tulisoma habari za Bezaleli, yule fundi wa hema ya kukutania, na Kutoka 35:34 haikutuachilia. Mungu hakumpa mikono yenye ujuzi peke yake. Yeye na Oholiabu walitiwa pia moyo wa kufundisha. Sasa, fundi aliyeokoka akifunga ujuzi wake, anamnyima nani?

Hapa Makina si swali la mbali. Tuna ndugu waliopoteza kazi wakiwa na miaka arobaini na kitu, wana karo na kodi ya nyumba. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema anayepunguzwa kazi alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Pesa hizo huisha haraka, na wengi wetu ni vibarua, hata hatuzioni. Basi mtu anaanza upya: cherehani pale Toi, kuchomelea vyuma, mjengo.

Tumezoea kuhubiri kiburi cha anayejifunza. Kweli, si rahisi baba mzima kuwa mtu wa mkono wa kijana rika la mwanawe. Lakini Paulo, aliyesomeshwa na Gamalieli, alishona hema (Matendo 18:3).

Mimi naona dhambi kubwa iko upande ule mwingine. Fundi anapokea ada, kisha mwanafunzi anafagia na kuleta chai. Saa ya kukata kitambaa ikifika, anatumwa uzi. Miezi sita inaisha anajua kushona pindo tu! Fundi anaogopa huyu atafungua kibanda mkabala naye amchukulie wateja. Hofu hiyo si ya bure, soko ni lile lile. Lakini ukishapokea ada, umeuza ujuzi. Kuuficha ni wizi, hata ukiitolea hiyo ada fungu la kumi.

Na asiye na ada, anayefanya kazi bila malipo? Jasho lake ndilo ada. Yakobo 5:4 inakemea mshahara uliozuiliwa, na ujuzi ulioahidiwa ni mshahara pia.

Kwa hivyo, mafundi wetu, siku ya kwanza ketini na mwanafunzi muandike: miezi mingapi, ada ngapi, na mwezi upi atashika mkasi mwenyewe. Akiiva, mpe nafasi akafanye mtihani wa NITA, Gredi ya Tatu. Uko wazi hata kwa aliyejifunzia kibandani.