Ndege Mpita Njia ni Mali ya Nani?

Mtu akiokota fedha njiani, dhamiri humwuliza: fedha hizi ni za nani? Lakini akimwona ndege mtini, ndege aliyefika usiku na atakayeondoka kesho, mara chache hujiuliza neno hilo. Wengi hudhani kwamba kiumbe apitaye ni wa yule anayemwahi. Je, wazo hilo ni la haki? Ili kulipima vema, yafaa kutazama mahali ambapo ndege wasafiri huonekana kuliko penginepo.

1. Siku moja kisiwani

Katika Bahari ya Kaskazini, zaidi ya kilometa 40 kutoka pwani ya Ujerumani, kuna kisiwa kiitwacho Helgoland. Ni mwamba mwekundu uliosimama majini, na eneo lake ni kama kilometa 1 ya mraba tu. Kila mwaka, majira ya joto yanapokwisha, ndege waimbao wa nchi za kaskazini huvuka bahari hiyo wakielekea kusini. Wengi husafiri usiku. Mvua au ukungu ukiwakuta, hushuka kisiwani kama mashua zinavyokimbilia bandari.

Basi, asubuhi ya Septemba, baada ya usiku wa mvua, mtazamaji hutoka kabla ya jua kuchomoza. Hana bunduki, ana darubini na daftari. Vichaka vilivyokuwa kimya jana, leo matawi yake yatikisika. Kati ya ndege hao yumo mmoja wa rangi ya majani makavu, asiye na pambo wala alama. Uzito wake ni kama gramu 18. Anakula matunda ya porini kwa haraka, kama msafiri asiyejua atakula lini tena. Mbele yake ziko nchi za Ulaya, kisha Bahari ya Mediteranea, kisha jangwa la Sahara. Wengi wa jamii yake humaliza safari katika Afrika ya kati, wakakaa katika vichaka na kando ya misitu ya Kongo mpaka Machi. Mkulima wa Kongo amsikiaye akiimba kando ya shamba haambiwi na mtu kwamba mwimbaji huyo alizaliwa mbali namna hiyo.

Mtazamaji huhesabu na kuandika mchana kutwa. Jioni mawingu huondoka, nyota zikaonekana. Asubuhi ya pili vichaka ni vitupu.

2. Mtego ule ule, nia nyingine

Wenyeji wa Helgoland hawakuwatazama ndege hivyo sikuzote. Zamani walipanda vichaka katika bustani zao, wakatandaza nyavu juu yake, nao wakawanasa ndege wengi kwa ajili ya chungu. Hata Heinrich Gätke, mchoraji Mjerumani aliyefika kisiwani mwaka 1837, akakaa huko miaka zaidi ya 50 akiwachunguza ndege, aliwapiga wengi kwa bunduki ili awajue. Kitabu chake juu ya ndege wa kisiwa kilitoka mwaka 1891.

Mwaka 1910 kituo cha kuchunguza ndege kilianzishwa kisiwani, nacho kiliongozwa na Hugo Weigold. Kutokana na kichaka kile cha wavu ulitengenezwa mtego mkubwa, mdomo wake mpana, na ndani ukizidi kuwa mwembamba mpaka kwenye sanduku. Ndege akiingia humo, hushikwa kwa upole, huvishwa pete ndogo yenye namba, hupimwa, kisha huachwa aruke. Kwa pete kama hizo watu walijifunza mengi. Mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwezi wa Desemba 1912.

Hapo yafaa kufikiri. Mtego ni ule ule na ndege ni yule yule. Wa kwanza alimkamata ili safari iishie kwake. Wa pili humkamata ili ajue safari, na humwacha aimalize.

3. Mambo mawili yanayopingwa

Wengine watasema: «Maskini mwenye njaa afanyeje? Je, ndege ni bora kuliko mtoto wake?» La, si bora. Mvuvi wa kisiwa aliyekula ndege wakati wa dhiki hapaswi kuhukumiwa na mtu aliyeshiba. Lakini hoja ya njaa isitumiwe na wasio na njaa. Katika kisiwa cha Kupro ndege hawa hawa hunaswa kwa nyavu na ulimbo, wakauzwa kwa bei kubwa kama kitoweo cha anasa, ingawa sheria inakataza. Hapo hakuna mtoto anayeokolewa. Kuna tumbo linalobembelezwa.

Wengine watasema: «Ndege ni wengi mno, mmoja akitoweka, nani atajua?» Neno hili ndilo gumu zaidi. Anayemwibia jirani yake humwona akilia, na machozi yale huweza kumrudisha. Lakini anayemkamata msafiri hauoni mti ambao msafiri huyo alikuwa autue, wala kiota ambacho hakitajengwa. Hasara iko mbali, nayo dhamiri hulala. Kosa lisiloonwa na mkosaji ni kosa bado, tena hurudiwa upesi, kwa sababu hakuna kinachomkemea.

4. Mgeni wa wote

Mwaka 1890 Uingereza iliipa Ujerumani kisiwa cha Helgoland, na Ujerumani ikakubali ulinzi wa Uingereza juu ya Unguja. Wenyeji wa Helgoland hawakuulizwa. Bendera ilibadilika, lakini ndege walipita vuli ile kama walivyopita zamani. Mtu aweza kuandika mkataba juu ya mwamba. Juu ya mpita njia hawezi.

Basi ndege huyo ni wa nani? Jibu lililo la haki ni kwamba yeye ni mgeni, na mgeni hageuki kuwa mali ya mwenye nyumba kwa kuwa amelala kwake usiku mmoja. Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Helgoland haifikii siku ya jembe mara nyingi. Kongo, anakokaa miezi mingi, jembe lake analo: hula wadudu.

Kwa hiyo mtazamaji wa kisiwani anapomwacha aruke, humtunzia mkulima wa Kongo asiyemjua. Na kijana wa Kongo anaposhusha manati yake, humtunzia mtu wa kaskazini ambaye hatamwona kamwe. Hakuna atakayemshukuru. Hata hivyo, mwezi wa Mei, ndege atafika.