Rakhisi Yenye Madhara: Ushuru wa Magadi na Dawa za Viwandani

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku na Mwenye kuweka mizani. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyefanya biashara kabla ya kupewa utume akajulikana kwa uaminifu wake.

Ama baad. Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amuwiye radhi, alipita sokoni Madina akamkuta Hatib bin Abi Baltaa akiuza zabibu kwa bei rakhisi. Akamwarifu kuwa uko msafara wa zabibu unaokuja kutoka Taif, na wenye msafara watapimiwa kwa bei yake yeye. Basi ama apandishe bei, ama aziondoe sokoni akaziuze nyumbani kwake apendavyo. Asili ya khabari hii imo katika Muwatta ya Imam Malik. Lakini al-Muzani, mwanafunzi wa Imam Shafi, ameipokea katika Mukhtasar yake pamoja na mwisho wake: kwamba Umar aliporejea aliihisabu nafsi yake, akamwendea Hatib nyumbani, akamweleza kuwa aliyoyasema hayakuwa hukumu wala amri, ila aliwatakia kheri watu wa mji, basi na auze popote na vyovyote apendavyo.

Wengi huisimulia nusu ya kwanza na kuiacha ya pili, kila mtu kwa kadiri ya faida yake. Mwenye kiwanda huipenda ya kwanza, na mwenye kuagiza mali ng'ambo huipenda ya pili. Nusu zote mbili zahitajiwa, kwa kuwa neno hilo hilo ndilo linaloshindaniwa leo na madola katika ushuru wa dawa za viwandani, yaani kemikali: asidi, rangi, na magadi ya kutengenezea kioo na sabuni.

Sura ya jambo ni hii. Kiwanda cha nchi moja huuza dawa yake kwao kwa 100, kisha huipeleka nchi ya pili ikauzwa kwa 70. Huko ndiko kumwaga bidhaa. Mara nyingine si kiwanda kinachobeba khasara ile, bali ni hazina ya dola inayokilipia. Na hapo mnunuzi hupewa kwa mkono mmoja kilichotozwa raia wa watu wengine kwa mkono wa pili. Kwa namna ya kwanza huwekwa ushuru wa kuzuia kumwaga bidhaa, na kwa namna ya pili ushuru wa kufidia ruzuku. Bara Hindi iliweka ushuru wa namna hii ya pili mwaka 1899 juu ya sukari iliyokuwa ikilipiwa na madola ya Ulaya, na Kanada ilitunga sheria ya namna ya kwanza mwaka 1904.

Na rakhisi ya namna hii huwa na shabaha. Husimuliwa kuwa mwanzoni mwa karne ya 20 chama cha wafanyi biashara wa Kijerumani kilikuwa kimelishika soko la bromini. Huko Midland, katika jimbo la Michigan, Herbert Dow alikuwa akiitoa bromini katika maji ya chumvi ya chini ya ardhi, na alipoanza kuiuza Ulaya, Wajerumani waliimwaga yao Marekani kwa bei ya chini kabisa ili wamvunje. Dow hakulia. Alituma watu wakainunua bromini ile ile kwa siri, akaifunga upya, akairudisha kuiuza Ulaya kwa faida. Hila yake ni ya kuchekesha, lakini si kila mwenye kiwanda ana mtaji wa kuifanya, na aliyekwisha kufunga mlango hafunguliwi tena na bei inayopanda baada yake.

Basi sheria ya madola, iliyoandikwa katika kifungu cha 6 cha mapatano ya biashara ya mwaka 1947 na kufafanuliwa katika mapatano ya shirika la biashara la dunia yaliyoanza kutumika mwaka 1995, haikuifanya rakhisi kuwa kosa. Humtaka mshitaki athibitishe mambo matatu: kwamba bei ni chini ya thamani ya kawaida, kwamba viwanda vya nchi vimedhurika kweli, na kwamba madhara yale yametokana na bidhaa ile, si kwa uvivu wa wenye viwanda wala uzee wa mitambo yao. Na katika mfano uliotangulia ushuru hauruhusiwi kuzidi zile 30 za tofauti. Na ikiwa 20 zatosha kuondoa madhara, kuishia hapo ndiko bora. Mtu wa madhehebu ya Shafi hataona ugeni hapa. Mwenye mali ana mamlaka juu ya mali yake, na anayetaka kumzuia ndiye atakiwaye ushahidi.

Uzito wa neno hili uliwafikia watu wa Afrika Mashariki. Magadi ya ziwa Magadi, katika Kenya, hushushwa kwa reli na kupakiwa Mombasa. Na Bara Hindi ni katika wanunuzi wake wa zamani. Mwaka 2012 serikali ya Bara Hindi iliyawekea ushuru magadi ya nchi kadha, China na Marekani zikiwamo, na Kenya pia. Na ajabu ya biashara za zama hizi ni kuwa mwenye magadi yale ya Kenya, tangu Brunner Mond iliponunuliwa mwaka 2005, ni Tata Chemicals, ambayo nayo ina kiwanda cha magadi kwao Hindi, huko Mithapur.

Ushuru ule haumwishii mwenye meli. Humfikia mwenye kiwanda cha kioo, na mpika sabuni, na mwisho mwanamke anayefua nguo za watoto wake. Kwa hiyo anayekwenda mbele ya serikali kuomba ushuru amebeba amana ya watu asiowajua. Akizidisha khasara yake katika hisabu, au akaificha faida yake, amekula mali yao kwa ushahidi wa uwongo, hata kama karatasi zake zimepigwa mihuri. Na wanavyuoni waliukemea sana ushuru wa dhulma, uitwao maksi.

Na mwenye kuagiza naye ana lake. Tanzania ilitunga sheria ya ushuru huu mwaka 2004, na Kenya mwaka 2017, basi mambo haya yamo katika forodha za pwani. Wako wanaopitisha mapipa ya dawa bandari ya tatu, wakabandua alama ya nchi yalikotoka na kubandika nyingine, kisha wakaandika asili isiyo kweli. Mtume s.a.w. alipotia mkono katika rundo la chakula akakuta umaji chini yake, alimlaumu mwenye kuuza kwa kuwa hakuuweka juu watu wakauona. Pipa lililobadilishwa alama ni rundo lile lile. Mwenye kuona ushuru ni dhulma ana haki ya kupeleka hoja zake kwa wachunguzi, na kuitaka serikali iupitie upya, maana kwa kawaida muda wake ni miaka 5, na hauongezwi ila baada ya uchunguzi. Ama karani wa forodha aliyeijua alama ya zamani akanyamaza kwa kupewa kitu, yeye hana khitilafu ya wanavyuoni ya kujifichia.

Wallahu aalam.