Mwisho wa Adhabu

Tuchukulie kwamba makarani wawili waliandikwa kazi katika ofisi moja. Wa kwanza alimtangulia mwenzake kwa miaka miwili, na kwa desturi ya ofisi yeye ndiye aliyehesabiwa mkubwa kazini. Katika mwaka wake wa tatu alipokea barua za watu, akaziacha kabatini bila ya kuzijibu. Na alipoulizwa, alisema hazikufika. Uongo wake ukagunduliwa. Aliitwa, akasikilizwa, akaonekana ana hatia. Alipewa karipio la maandishi, akanyimwa nyongeza ya mshahara ya mwaka mmoja. Aliipokea adhabu yake bila ya kunung'unika, akajirekebisha. Miaka minane ikapita pasipo doa jingine. Kisha nafasi ya karani mkuu ikawa wazi. Mkuu wa ofisi alifungua majalada mawili: katika moja alikuta karipio lile la zamani, katika jingine hakukuta lawama yoyote. Je, ampe nani cheo?

Wengi watajibu upesi kwamba cheo ni cha yule asiye na doa. Wengine watajibu upesi vile vile kwamba ni cha yule aliyetangulia. Mimi naona kwamba majibu yote mawili yana haraka kuliko haki.

Tuanze na ukubwa kazini. Ukubwa ni hesabu ya siku, na siku humpita mvivu kama zinavyompita mwenye bidii. Cheo si hesabu ya siku. Cheo ni amana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 232, huweka ushindani wa haki na ustahili kuwa msingi wa kuajiri na kupandisha vyeo katika utumishi wa umma. Kwa hiyo karani wa kwanza hana deni la kudai kwa sababu tu alifika mapema. Aliyetangulia kufika kisimani hupata maji kwanza, lakini si lazima awe ndiye mlinzi bora wa kisima.

Sasa tumsikilize karani wa pili, maana hoja yake ni nzito. Atasema: "Miaka yote hii nimejibu kila barua. Uaminifu wangu haukuandikwa mahali popote, kwa kuwa hakuna aandikaye kwamba leo fulani hakusema uongo. Ikiwa kosa la mwenzangu halitahesabiwa, mimi nimepata faida gani kwa kujizuia?" Maneno haya hayafai kudharauliwa. Ofisi isiyotofautisha mwaminifu na mkosaji huwafundisha wote kukosa.

Lakini kosa lile lilikwisha kuhesabiwa. Siku mkosaji aliponyimwa nyongeza yake, mwenziwe alipata ya kwake. Hapo tofauti yao ilipimwa na kulipwa kwa fedha. Tukilihesabu tena leo, na kesho nafasi nyingine ikitokea tukalihesabu tena, basi adhabu ya mwaka mmoja imegeuka kuwa adhabu ya maisha, wala hapana aliyeitamka. Mwenye duka akilipwa deni lake hulifuta daftarini. Akiliacha liendelee kusomeka, akamdai mtu yule yule kila mwezi, hatumwiti mwangalifu, twamwita mdhalimu.

Tena kuna ubaya uliofichika. Adhabu ya kwanza ilitolewa mchana: palikuwa na shtaka, na utetezi, na barua. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 236, humkinga mtumishi wa umma asifukuzwe, asishushwe cheo, wala asitiwe adhabuni pasipo kufuata utaratibu wa sheria. Lakini mtu anayerukwa kimya kimya kwa sababu ya kosa alilokwisha kulilipia haoni shtaka, hapewi nafasi ya kujibu, wala hajui akate rufani kwa nani. Adhabu ya siri haina kipimo, na adhabu isiyo na kipimo haifundishi. Huvunja moyo tu. Nani atajitahidi kujirekebisha, akijua kwamba hata akijirekebisha mlango hautafunguliwa?

Nchi yetu iliyajua mambo ya namna hii zamani. Tangu mwaka 1920 wanaume Waafrika wa Kenya walilazimishwa kuchukua kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Humo mliandikwa waajiri wao, kazi zao na mishahara yao. Na neno baya la mwajiri mmoja liliweza kumfuata mtu kwa mwajiri mwingine. Watu walikichukia si kwa uzito wa chuma, bali kwa uzito wa kumbukumbu wasiyoweza kuijibu. Leo, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, chenye majina, kazi, mahali na tarehe. Wala haimlazimu mwajiri kuandika habari za tabia. Lakini kikebe kilichoondolewa shingoni chaweza kubaki katika mioyo ya wakubwa.

Je, nasema kwamba yaliyopita yasahauliwe kabisa? Hasha. Wahenga walisema kwamba yaliyopita si ndwele, wakatuamuru tugange yajayo. Na hakuna mganga agangaye bila ya kuuliza mgonjwa aliwahi kuugua nini. Mtu aliyeiba fedha za ofisi asikabidhiwe sanduku la fedha mara tu adhabu yake inapokwisha. Huko si kumwadhibu mara ya pili, ni kulinda mali ya watu. Lakini kinga ina sharti lake: lazima kosa la jana liguse kazi ya kesho, na lazima tuangalie mtu amefanya nini katikati.

Basi mkuu wa ofisi afanyeje? Kosa la karani wetu liligusa barua na ukweli, na karani mkuu ni mlinzi wa barua na ukweli. Hivyo ana haki ya kuuliza. Lakini aulize kwa sauti, mbele ya mhusika, na jibu alitafute katika miaka minane, si katika siku moja. Barua za miaka hiyo zimejibiwa? Taarifa zake zilikuwa za kweli? Akiwa amemshinda mwenziwe kwa kazi, apewe cheo. Akiwa ameshindwa, apewe mwenziwe. Sikusema apewe, nimesema asinyimwe kwa sababu iliyokwisha kulipiwa. Naye akikosa, asidai kwamba ameonewa kwa kuwa tu yeye ndiye mkubwa.

Kijana unayesoma, huenda ukadhani haya ni mambo ya watu wazima. Fikiri juu ya mwenzako aliyeadhibiwa katika kidato cha kwanza, naye sasa yuko kidato cha tatu, na viranja wanachaguliwa. Jina lake likitajwa, mtu mmoja atanong'ona habari ya zamani. Kabla hujaitikia mnong'ono huo, jiulize: adhabu yake ilikwisha lini? Kama hujui siku ilipokwisha, huenda wewe ndiye unayeiendeleza.