Je, Wafu Tuliowaacha Bila Kaburi Wanatufuata?

 

Mwezi uliopita nilikuwa Wanyange, karibu na Jinja, kwa semina ya wachungaji. Jioni moja tulikaa kilimani tukitazama Ziwa Viktoria. Mzee mmoja Msoga akatuonyesha kwa mkono upande wa mashariki, kuelekea Mayuge, akasema, "Huko Kyando ndiko alikouawa Askofu Hannington. Wazee wetu walisema mifupa yake ilikataa kutulia."

Usiku ule usingizi ulichelewa. Nilimfikiria mama mmoja wa kanisa letu, ambaye ameniruhusu niandike habari hii. Mtoto wake huugua mara kwa mara. Mganga amemwambia kwamba mume wake, aliyebaki porini bila kuzikwa siku ile tulipokimbia, ndiye anayemsumbua mtoto. Alete mbuzi na pesa. Mama aliniuliza, "Pasta, ni kweli?" Nilimjibu haraka kwamba ni uongo wa Shetani. Leo nataka kumjibu vizuri zaidi, maana wengi wetu tuna swali hilo, na mimi pia ninalo. Baba yangu mzazi sikumzika.

Kwanza tusikie habari ya askofu. James Hannington aliingia Busoga mwaka 1885, akitokea pwani ya Mombasa kwa njia ya mashariki. Kabaka Mwanga wa Buganda aliwaogopa wageni wanaotoka upande huo, akaamuru auawe. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa katika nchi ya chifu Luba. Inasimuliwa kwamba baadaye njaa na magonjwa vilipoingia, watu walisema ni mifupa ya yule mgeni. Hakuna aliyetaka ikae kwake. Mwishowe ikatolewa Busoga, ikapelekwa hadi Mumias, na tarehe 31 Desemba 1892 ikazikwa kwa heshima Namirembe, Kampala.

Sasa angalieni, ndugu zangu. Mifupa iliondoka Busoga, lakini mateso hayakuondoka nayo. Kuanzia mwaka 1900 ugonjwa wa malale uliwaua watu zaidi ya 200,000 kando ya ziwa hili, Busoga ikiwamo. Wakati huo askofu alikuwa amelala kaburini mwake miaka mingi. Mwaka 1903 waganga wa hospitali walitambua kwamba anayeleta ugonjwa ule ni mbung'o, mdudu mdogo anayeuma. Kama watu wangeendelea kuhamisha mifupa tu, mbung'o angeendelea kuuma.

Kuna jambo jingine lililonigusa zaidi. Hannington hakufika Busoga peke yake. Alikuwa na wapagazi wapatao 50, watu walioongea Kiswahili hiki tunachoandika. Karibu wote waliuawa pamoja naye. Nani aliwahi kuogopa mifupa yao? Nani aliibeba kutoka kijiji hadi kijiji? Kama maiti isiyozikwa ndiyo inayoleta laana, wale walikuwa wengi kuliko yeye. Lakini hadithi inamtaja askofu, kwa sababu watu walijua kwamba aliyeuawa ni mtu mkubwa, na dhamiri zao hazikutulia. Hofu ilitoka ndani ya walio hai. Wapagazi hawakuogopwa kwa sababu walisahauliwa.

Labda mtu atasema, "Pasta, hata Biblia ina habari za mifupa na njaa." Ni kweli. Someni 2 Samweli 21. Njaa ilikaa miaka mitatu, na Bwana akamwambia Daudi sababu yake: Sauli aliwaua Wagibeoni bila haki. Hakumtaja mzimu wowote. Someni pia jinsi Rispa alivyolinda miili ya wanawe mchana na usiku, na jinsi Daudi alivyosikia hayo akaenda kuikusanya mifupa ya Sauli na Yonathani, akaizika. Yule mama hakuwakimbia wafu wake. Aliwapenda. Damu ya Habili nayo ililia kutoka ardhini, lakini ilimlilia Mungu. Hatusomi mahali popote kwamba ilimfuata Hawa usiku na kumwuguza mtoto.

Basi jibu langu ni hili. Baba yule aliyempenda mtoto wake akiwa hai hawezi kugeuka adui yake kwa sababu alikosa kaburi. Uchungu unaotuamsha usiku si mzimu. Ni upendo ambao haukupata nafasi ya kuaga. Na kwa baadhi yetu ni deni: tulikimbia, hatukurudi, labda tulimwacha mtu aliyekuwa bado anatuita. Deni la namna hiyo halilipwi kwa mbuzi wa mganga. Linapelekwa kwa Mungu, kwa machozi na kwa ukweli.

Huko Busoga mambo hayakuishia kwenye hofu. Mwana wa Hannington alikuja kama mmisionari, akambatiza mwana wa Luba. Watoto wa pande mbili walikutana penye maji. Sisi nasi tuna majirani hapa kambini ambao ndugu zao waliwaumiza ndugu zetu. Hilo ni gumu kuliko kununua mbuzi, ninajua.

Mama yetu, mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya wapime damu yake, nitakusindikiza. Na Jumapili ya mwisho ya mwezi huu tutakuwa na ibada ya ukumbusho. Kila familia ilete majina ya waliobaki bila kaburi, hata kama ni jina moja tu la utotoni. Katibu atayaandika katika daftari la kanisa, nasi tutayasoma kwa sauti mbele za Bwana. Jina la baba yangu litakuwa la kwanza. Wapagazi wale hawakupata hata hilo.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Amina.

Ni mimi, mchungaji wenu.