Makadirio na Kadari

Katika lugha ya Kiswahili, neno makadirio na neno kadari ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili asili yake ni Kiarabu, na yote mawili yanarejea katika maana ya kupima. Hata hivyo lugha, kwa busara yake, imeyatenga makazi. Makadirio ni ya mja, ambaye hupima akijua kuwa huenda akakosea. Kadari ni ya Muumba, wala haina rufaa. Suala la maadili linaloletwa na elimu ya takwimu na mitandao ya neva limekaa papo hapo, mpakani mwa maneno hayo mawili. Mja anapounda chombo cha kukadiria, ni lini makadirio yake huvuka mpaka yakawa kadari ya mwenzake?

Elimu hiyo si ngeni tena upande huu wa dunia. Mwaka 2014 Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, iliyoanza karibu na Cape Town mwaka 2003, ilifungua kituo Bagamoyo, ambacho baadaye kilihamia Dar es Salaam. Agosti 2019 vijana kutoka pembe nyingi za Afrika walikusanyika kwa wiki moja katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, kwenye mafunzo yaitwayo Deep Learning Indaba. Huko Ulaya mafunzo kama hayo huitwa shule za kiangazi. Huku mwambao miezi hiyo ni ya kipupwe, kusi likivuma na vyombo vikielekea kaskazini.

Mwanagenzi wa shule hizo hufunzwa kwamba mtandao wa neva ni hesabu ndogo nyingi zilizounganishwa kwa mfano wa ubongo, na kila kiungo kina uzito wake. Mtandao hupewa mfano, hubahatisha jibu, kisha jibu lake hulinganishwa na ukweli. Tofauti iliyopo huitwa kosa, na kila uzito husogezwa kidogo ili kosa lipungue. Frank Rosenblatt wa Marekani alieleza chombo cha namna hiyo mwaka 1958, na njia ya kulirudisha kosa nyuma, tabaka kwa tabaka, ilipata umaarufu mwaka 1986. Kazi hiyo hurudiwa maelfu kwa maelfu ya mara. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kosa linalopunguzwa ni la jumla. Chombo huulizwa kimekosea kwa kiasi gani. Aghalabu hakiulizwi kimemkosea nani.

Bagamoyo inalijua swali hilo tangu zamani. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, na watumwa walihesabiwa kwa vichwa kabla ya kuvushwa kwenda Unguja, ambako soko lao lilifungwa mwaka 1873. Huenda hesabu za makarani wa zama hizo zilikuwa sahihi hadi kichwa cha mwisho. Usahihi huo haukuwa uadilifu, maana daftari lilikuwa na nafasi ya idadi, halikuwa na nafasi ya jina.

Ingekuwa wepesi, basi, kuilaani hesabu yenyewe; na hapo ndipo wengi hupotea. Mji huo huo wa Bagamoyo ulikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto zaidi ya 15,000, katika utafiti uliokamilika mwaka 2014. Hakuna mama aliyeweza kujua, kwa kumtazama mwanawe peke yake, kama chanjo ilimkinga. Ilihitajika kuwahesabu wengi ili ukweli uonekane. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo itumike. Kinga yake haikuwa kamili, na takwimu hazikuficha jambo hilo. Basi kukadiria ni kujua, lakini ni kujua habari za wengi. Dhulma huanza pale ujuzi wa wengi unapotwishwa mmoja kana kwamba ndio habari yake yeye.

Na achukuliwe mvuvi wa dagaa wa pwani ya Bagamoyo au Kunduchi. Huvua usiku kwa taa, na taa hufaa wakati wa giza. Mbalamwezi ikitanda, hukaa nyumbani akishona nyavu. Fedha zake huja kwa mafungu na kukatika kwa mafungu. Siku moja anaomba mkopo kwa simu, na ombi lake linapimwa na chombo kilichofunzwa kwa mifano ya watu wenye mshahara wa kila mwisho wa mwezi. Mbele ya chombo hicho, wiki za mbalamwezi zinasomeka kama uzembe. Ananyimwa, wala hakuna dirisha la kwenda kusema: mwezi ulikuwa mpevu. Huenda chombo kinapatia kwa watu 95 katika kila 100, na waliokiunda wakapongezana. Kwa mvuvi, yale hayakuwa makadirio tena. Yalikwisha kuwa kadari.

Mtu anaweza kujibu kwamba karani wa kibinadamu naye hukosea, tena kwa upendeleo na kwa kisirani. Ni kweli, na pengine hukosea zaidi. Lakini karani ana uso. Huulizwa sababu, huona haya, huweza kusahihishwa. Aliyekabidhi hukumu kwa chombo hajaondoa dhima, ameificha tu mahali ambapo mwenye kudhulumiwa hawezi kuifikia. Dhima haina mtandao wa neva wa kuihamishia. Hubaki kwa aliyechagua mifano, na kwa aliyeamua kwamba jibu la chombo ndilo la mwisho.

Washairi wa mwambao wana la kuchangia hapa, kwa kuwa nao ni watu wa hesabu. Shairi la kimapokeo lina mizani 16 kwa mshororo, nane kwa nane, na mizani ni neno la sokoni, neno la kupimia. Amri Abedi aliziandika sheria hizo katika kitabu chake cha mwaka 1954, na kila mtunzi wa mapokeo anajua kwamba ubeti ukipungua mizani umeguna. Anajua pia kwamba ubeti unaweza kutimia mizani na vina usiwe na neno ndani yake. Mizani humkaribisha msikilizaji. Hukumu hutolewa baada ya kusikia.

Kijana anayekwenda kujifunza elimu hii na aende, akazane, arudi ameiva. Pwani hii imehesabiwa na wengine kwa muda mrefu. Si vibaya ikapata wahesabuji wake. Ila katika kila chombo atakachounda, aache dirisha moja wazi, na nyuma ya dirisha hilo akae mtu, ili mvuvi akija na habari ya mwezi apate wa kumsikiliza.