Kabla ya Kugusa Regyuleta

Kila Juni, barabara nyembamba za Normandy, Ufaransa, hupitiwa na malori ya kijeshi yaliyotimiza miaka 80 na ushei, yakiletwa na watunzaji wake kwa kumbukumbu ya Juni 6, 1944, siku majeshi ya Washirika yalipotua huko. Humo halikosekani GMC CCKW, lori la Kimarekani la tani mbili na nusu, matairi kumi, lililotengenezwa kwa zaidi ya nusu milioni. Watazamaji hupiga picha. Mwenye lori ambalo halichaji huikazia macho sindano ya ampea, kisha hufungua boneti.

Hapo ndipo subira ya mtu hupimwa.

Lori hili hutumia umeme wa volti 6. Kati ya jenereta na betri kuna kisanduku cha regyuleta, na ndani ya regyuleta za aina hii mna vipande vitatu vya sumaku-umeme. Kimoja hukata njia injini inapopunguza mwendo, ili umeme wa betri usirudi ndani ya jenereta. Cha pili huzuia volti zisizidi, na cha tatu huzuia ampea zisizidi uwezo wa jenereta. Vyombo vikishapata moto, volti zinazofaa huwa kama 7.2 hadi 7.4. Zikipungua, betri haijai na sahani zake huota ukoko wa salfeti. Zikizidi, maji yake huchemka hadi yakauke. Springi nyembamba ndiyo inayoamua, na kuipinda kidogo tu hubadili kipimo.

Fundi mwenye haraka hukimbilia springi hiyo. Fundi mtulivu huanza mbali: hukaza mkanda wa feni, hutazama kaboni kama zimekwisha, husafisha komyuteta kwa msasa laini, kisha hukwangua kutu na rangi pale waya wa betri unapofungwa kwenye chesisi. Katika volti 6, kiungo hicho kichafu ni mwizi mkubwa. Mzigo wa wati 60 huvuta ampea 5 kwenye volti 12, lakini kwenye volti 6 huvuta ampea 10. Kwa ampea hizo, ukinzani wa omu 0.05 tu hula nusu volti, yaani sehemu moja ya kumi na mbili ya volti zote. Regyuleta haina hatia, ila ndiyo inayopindwa.

Watu nao hupindwa hivyo hivyo. Mtoto akishuka darasani huongezewa masomo ya jioni kabla hajaulizwa kama anapata usingizi. Mfanyakazi akichelewa huandikiwa barua ya onyo, na hakuna aliyeuliza nyumbani kwake kuna mgonjwa gani. Kurekebisha kilicho karibu na mkono ni rahisi, lakini huacha kutu palepale ilipo, na aliyepindwa bila sababu harudi upesi katika hali yake.

Malori haya yanayajua madhara ya haraka tangu ujana wake. Kuanzia Agosti 25 hadi Novemba 16, 1944, msafara wa Red Ball Express uliyapeleka mchana na usiku yakiwa na mafuta na risasi za majeshi yaliyokuwa yakisonga mbele nchini Ufaransa. Takriban robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi, katika jeshi lililowatenga kwa rangi. Kazi yao ilikuwa nzito na muda wa matengenezo haukuwepo: betri zilikauka, injini zikachemka, nati zikalegea njiani. Sifa ya kazi hiyo haikuwafikia kwa kadiri waliyoistahili.

Leo muda upo. Viungo vyote vikishasafishwa, ndipo regyuleta ipimwe, mfuniko ukiwa mahali pake na vyombo vikiwa vimepata moto, kwa sababu kipimo cha baridi hudanganya. Ikiwa waya zilifunguliwa, jenereta irudishiwe mwelekeo wake wa sumaku kabla ya injini kuwashwa; ukigeuka, pointi za kukatia huweza kuungua na kushikana. Wapo wanaoitupa jenereta na kufunga altaneta ya kisasa kwa kuchoshwa na kazi hii. Wangoje kwanza. Wakwangue ile kutu ya chesisi, wapime tena, kisha ndipo waamue.