Mtoto Akileta Mchumba wa Dini Nyingine



Wiki hii wanafunzi wa chuo kimoja hapa Mombasa walinialika kutazama pamoja nao filamu ya Indonesia iitwayo Cin(T)a. Ilitoka mwaka 2009, mwongozaji wake Sammaria Simanjuntak akiwa ndiyo kwanza anaanza kazi, bila kampuni kubwa ya kumfadhili. Inamhusu Cina, kijana Mkristo mwenye asili ya Uchina, na Annisa, msichana Mwislamu, wote wakisomea usanifu wa majengo mjini Bandung. Wanapendana. Kila mmoja anampenda Mungu pia, wala hayuko tayari kumwacha. Uchungu wote wa filamu umo humo.

Nilitarajia maswali kuhusu Indonesia. Niliyoulizwa yalikuwa ya mitaa yetu ya hapa Mombasa: Kisauni, Changamwe na Likoni. Binti mmoja alisimama na kusema, "Padre, wa kwangu ni Mwislamu, ananiheshimu, na mamangu hajui. Nianzie wapi?" Wenzake hawakucheka. Nadhani wengi walikuwa na swali hilohilo.

Nianze na sheria, kwa kuwa vijana wengi hawaijui. Kule Indonesia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1974 inasema ndoa ni halali ikifungwa kwa kanuni za dini ya wahusika. Mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ilikataa kwa mara nyingine ombi la kufungua njia kwa wapenzi wa dini mbili, na mwaka huohuo Mahakama ya Upeo ikawaelekeza majaji wasikubali ndoa hizo zisajiliwe. Wapo wanaosafiri nje ya nchi ili waoane, na wapo wanaobadili dini kwenye karatasi tu.

Hapa kwetu mambo ni tofauti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Mkristo na Mwislamu waliotimiza miaka 18 wanaweza kupeleka ilani kwa msajili wa ndoa, wakangoja siku 21, wakaoana kila mtu akiwa na dini yake. Kwa hiyo Mkenya hawezi kuilaumu serikali kwa jambo hili. Wanaowafungia vijana mlango ni sisi wazazi, shangazi, mapadre na masheikh.

Tena tunawafungia kwa namna inayomchukiza Mungu. Kijana anatamkishwa shahada Alhamisi ili nikaha isomwe Ijumaa, na moyoni haamini hata neno moja. Binti anapelekwa mbiombio kwenye ubatizo kwa sababu mama mkwe amesema pasipo cheti cha ubatizo hakuna harusi. Pande zote mbili zinashangilia kwamba zimempata mtu. Hazijampata. Napinga jambo hili kwa nguvu zangu zote, likifanywa msikitini au kanisani kwangu. Anayeongoka kwa kweli, baada ya kujifunza na kusali, nampa heshima yake hata akienda upande usio wangu. Lakini kumfanya mtu amwongopee Muumba wake ili apate mke ni kumfundisha uongo mlangoni mwa ndoa, na ndoa hiyo itajengwa juu ya nini?

Wazazi, hofu yenu naielewa. Likoni tunaijua. Tarehe 23 Machi 2014, siku ya Jumapili, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa moja hapa kwetu na kuwaua waumini sita. Mwaka 2012 makanisa yalishambuliwa katika ghasia za mjini. Waislamu nao wana majeraha yao, ya vijana waliotoweka na misikiti iliyovamiwa na polisi. Mama anayesikia mwanawe anampenda mtu wa upande wa pili anayakumbuka hayo yote kwa mpigo. Lakini mchumba aliyeketi sebuleni kwako hakubeba bunduki.

Kuelewa hofu hakutuondolei wajibu wa kusema ukweli kuhusu ugumu wenyewe. Uislamu unamruhusu mwanamume kuoa mwanamke Mkristo. Wanazuoni walio wengi hawamruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na Mkristo. Kwa hiyo kijana wetu anayempenda binti wa Kiislamu ajue kwamba anamwomba binti huyo jambo zito sana mbele ya jamaa zake na dhamiri yake. Kanisa letu nalo lina masharti. Mkatoliki anahitaji ruhusa ya askofu, na anaahidi kuilinda imani yake na kufanya awezavyo ili watoto wabatizwe. Mwenzake halazimishwi kuahidi chochote, ila lazima aelezwe ahadi hiyo mapema. Sasa mwenzake akiwa baba Mwislamu aliyefundishwa kwamba watoto humfuata yeye, mgongano uko wazi. Msiufunike kwa mapambo ya harusi.

Zungumzeni pia juu ya kifo, ingawa wachumba hawapendi mazungumzo hayo. Mwislamu huzikwa upesi, mara nyingi siku hiyohiyo. Sisi huweka mwili mochari tukachangishana wiki nzima. Nimeona familia zikigombania maiti, na mjane amekaa kati asijue amlilie nani. Na urithi je? Mali ya Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na kwa sheria hiyo mke Mkristo hana fungu. Lakini mume anaweza kumwandikia wasia, usiozidi thuluthi ya mali yake. Ni wangapi kati yenu mmeketi na kuuandika?

Katika Maandiko namkumbuka Timotheo. Mama yake alikuwa Myahudi aliyeamini, baba yake Mgiriki. Nyumba yao ilikuwa ya dini mbili, na humo, kwa malezi ya mama na bibi, akatoka mchungaji ambaye Paulo alimwita mwanawe. Paulo huyohuyo aliyewaonya Wakorintho wasifungwe nira pamoja na wasioamini, aliwaambia pia walio na wenzi wasioamini wasiwaache ikiwa hao wanakubali kukaa nao. Nayashika yote mawili. Siwahimizi vijana kutafuta ndoa ya namna hii, na siwezi kumwambia aliyekwisha kuingia kwamba Mungu ameihama nyumba yake.

Kwa hiyo kwako binti uliyeuliza: anzia kwa mama yako, wiki hii, kabla hajasikia kwa jirani. Kisha njoo na mwenzako ofisini, naye aje na sheikh anayemwamini, tuongee sote wanne bila siri. Usibadili dini kwa ajili ya mahari, wala usimruhusu yeye abadili ya kwake kwa ajili yako.

Na ninyi wazazi mliomfukuza mtoto kwa sababu hii, mpigieni simu kabla hamjaja Misa ya Jumapili hii.